Masikiowima Chini ya Banda

Sarkavaara, 13 Julai 2003

Mdogo wangu Arvi,

Nakusalimu kwa mkono huu huu uliokufunga kamba za viatu na kukuzaba makofi, kwa hiyo usijifanye huutambui mwandiko. U hali gani? Kifua je, na zile dawa zinazokukausha mdomo? Tangu mkeo Maj-Britt atangulie sijui hata nani anakupikia, na wewe hujawahi kuchemsha yai likaiva. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku za mvua linataka kuwa mkubwa wa nyumba. Wajukuu walikuja sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakala, wakavunja kasia moja, wakaondoka. Viazi vimeota vizuri. Mbu ni wale wale uliowaacha.

Lakini sikukuandikia habari za viazi. Soma ukiwa umekaa, na usirukie mwisho, maana nakujua.

Kuna mtu amekuja na bunduki ya baba. Ndiyo, ile ile. Na anataka kuandika kwenye kibao, kwa herufi za kusomwa na kila mtu, ni nani aliyeitoa siri yake kwa polisi mwaka wa arobaini na tano. Kibao na bunduki vitawekwa ndani ya ukumbi wa kanisa Jumapili ya kwanza ya Agosti. Watu wa hapa vidole vyao vinawawasha, watakupigia simu kabla kahawa haijapoa. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Alikuja mwezi wa tano, nimeinama shambani. Gari la buluu, bwana mwembamba wa miaka sitini hivi, miwani imening'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akasema anaitwa Ilpo Rautkorpi, mstaafu wa reli. Nikamkaribisha ndani kwa sababu sisi si wanyama. Akakaa kwenye benchi la mlangoni, vizuri, kama mtu aliyelelewa. Lakini nilipomwambia kahawa tayari, akainuka mara ile ile! Unasikia, Arvi? Kwa karibu ya kwanza! Hakusema asisumbue, hakusema ametoka kunywa sasa hivi, hakungoja aitwe mara tatu kama binadamu. Nikajisemea, mtu anayeifuata kahawa hivyo ama njaa imemzidi ama ana haja. Nikampa mkate wa iliki wa juzi.

Kwanza nikadhani ni mmoja wa wale wanaozunguka vijijini kununua saa za ukutani za vikongwe kwa bei ya soseji. Nikamwambia saa yangu haitembei na mimi siuzi. Akacheka, akasema saa hataki. Akafungua mfuko mrefu, akatoa bunduki, akataka kuilaza juu ya meza yangu. Nikamwambia hapo panaliwa. Akaomba radhi, akaipakata magotini.

Nilipoiona pua ya mtutu niliijua. Wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau. Vyuma viwili vimesimama kulia na kushoto ya ncha ya kulengea, kama masikio ya ile aina ya mbwa wa kwetu wa kubwekea ndege msituni. Ndiyo maana askari waliipa bunduki jina la aina hiyo ya mbwa, Masikiowima, na wakaisema kama mnyama. Masikiowima ana njaa, Masikiowima kalala, Masikiowima leo kamvunja mtu bega. Mbwa na bunduki, jina moja, wala hakuna mwanamume wa vita aliyeona haja ya kufafanua.

Rautkorpi akaniambia ameinunua kutoka kwa Mmarekani. Jeshi letu liliziuza bunduki hizi nje kwa makasha, vita vimekwisha zamani, na Wamarekani wakaipiga muhuri wa duka lao kwenye mtutu, kama ng'ombe wa mnada. Nikamuuliza, sasa ya Marekani inatafuta nini jikoni kwangu? Akanieleza polepole, kwa ule upole wa watu waliozoea kuuliza tiketi. Namba yake imeanza na herufi S, ina maana ilikuwa ya mgambo, si ya jeshi. Kitakoni kuna kisahani cha shaba chenye namba ya wilaya, na wilaya ni yetu. Kisha akafungua skrubu mbili, akakiondoa chuma cha kitakoni, akanionyesha mbao iliyo chini yake.

Alama ya nyumba yetu, Arvi. Reki ya meno matatu na mstari wa kukata. Imechongwa kwa kisu, na huyo mchongaji alikuwa na haraka.

Alikaa majira manne ya baridi akipekua hati za zamani za ardhi, zile ambazo mababu wasiojua kuandika walitia alama ya nyumba badala ya jina. Mpaka akaipata yetu. Na kuhakikisha, akaitazama alama ile ile kwenye mpini wa reki iliyotundikwa barazani kwangu. Kumbe alikwisha kuchungulia barazani kabla hajabisha hodi! Hapo nikamtazama vizuri. Mtu hapotezi majira manne kwa ajili ya kipande cha mbao. Mtu wa namna hiyo anatafuta kingine, na bunduki ni jembe tu la kuchimbia.

Akakitaja mwenyewe. Akasema kila bunduki aliyo nayo ameiandikia historia yake, nani alipewa, ilipigana wapi, ilitokaje mikononi mwa mwenyewe. Hii alijua yote isipokuwa hilo la mwisho. Alikwisha kuuliza dukani, wakamjibu kwa mdomo mmoja kwamba aliyemuuza Eelis Tuhkanen kwa polisi ni jirani yake, Oskari Hyttinen. Sasa alitaka kusikia kwa mtoto wa marehemu, maana jina la mtu haliandikwi kwa maneno ya dukani.

Nikamjibu kwamba ya dukani yanatosha. Nikamfungulia mlango.

Na wewe ungejibu vivyo hivyo, maana ndivyo nilivyokufundisha. Vita vilikwisha, silaha zikatakiwa zirudishwe, baba akaificha yake chini ya sakafu ya banda la nafaka, kama wanaume wengi walioogopa Warusi watakuja hata hivyo. Aprili polisi wakaja. Wakang'oa mbao tatu, zile zile, bila kugusa nyingine. Baba akakaa ndani miezi minane, akarudi anakohoa, na mwaka wa arobaini na saba tukamzika. Nani mwingine alijua? Oskari ndiye aliyemsaidia baba kuitengeneza sakafu ile. Na Oskari ndiye aliyesimama mlangoni pa banda siku ile, kofia mkononi, pamoja na polisi. Tulimwona kwa macho. Kuanzia hapo mama akampa mgongo hata kanisani. Watu wakafuata. Maziwa yake yakakosa wanunuzi. Miaka hamsini na minane, shamba moja katikati yetu, na salamu hakuna.

Na mwaka wa sitini na moja ukaja kwangu na pete mfukoni ya kumpa Irja, binti yake Oskari. Nikakuambia kwenye meza hii hii, ukimchukua binti wa aliyemuua baba, usikanyage kizingiti changu. Alhamisi ukapanda basi, ukaenda Uswidi. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, na masikio mekundu kwa hasira.

Rautkorpi akarudi mwezi wa sita, na jalada kwapani. Kiherehere! Nilikuwa nimemtegea. Nikamwambia kwa uso mkavu kwamba baba alikuwa wa mkono wa kushoto, nione kama atauandika uongo. Akauandika. Halafu akaisugua bunduki kwa kidole, akasema kwa adabu kwamba mbao imelika upande wa shavu la kulia, labda umesahau, mama? Nilijiona nimekamatwa kama mtoto aliyenakili hesabu. Nikamuuliza analipwa na nani kwa umbea huu. Akasema halipwi na mtu, na mke wake humuuliza hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi. Nikamuuliza ni Irja aliyemtuma? Akasema kwa Irja alikwisha kwenda, alipewa kahawa vikombe viwili na neno hata moja hakupewa.

Nikaanza kupumua. Basi hana kitu, nikawaza, anapapasa tu. Nikamkatia hata mkate wa siku ile.

Ndipo akavua miwani, akaniuliza, mama, siku zile mlikuwa na mbwa?

Arvi, nilimwambia aondoke. Nikasema wakati wa kukamua umefika, na mimi sina ng'ombe tangu themanini na nane. Yeye bado amekaa pale, anatazama buti zake. Akasema karatasi ya polisi ya siku ile ipo, ameipata kwenye hifadhi ya nyaraka, na nakala yake ameniletea. Hatanisomea, na hatakiandika kilichomo bila ruhusa yangu. Nikitaka kimya, kibao kitakuwa na namba na miaka tu, basi. Ila dukani wataendelea kusema wanayosema. Akaiweka karatasi mezani, kifudifudi, akatoka.

Sikuhitaji kuigeuza. Nilijua kilichomo kabla Rautkorpi hajaanza kazi reli.

Sasa kaa vizuri.

Unamkumbuka Turre? Mbwa wetu mwekundu, masikio kama mishale. Vuli ile baba aliyorudi kutoka vitani, Turre alipotea. Mbwa mwitu au nini, hakuna aliyejua. Nililia mpaka mama akanitishia fimbo. Siku chache baadaye nimo zizini nyuma ya nyasi, nikamsikia baba akimwambia mama, Masikiowima nimemlaza chini ya sakafu ya banda, watoto wasijue.

Nilikuwa na miaka tisa, na Masikiowima niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu. Nikaona, loo, baba amemkuta Turre amekufa, amemzika kimya kimya ili tusilie. Nikapata vijiti viwili, nikavifunga msalaba kwa uzi mwekundu wa sufu wa mama, nikauchomeka nje, chini ya ukuta wa banda. Nikaweka na yale matunda mekundu ya msituni. Theluji ikaanguka, ikafunika vyote.

Aprili ikayeyuka. Polisi wawili walipekua nyumba nzima, jikoni, zizini, mpaka bafu la mvuke, wasipate kitu. Walikuwa wanaondoka, Arvi. Mmoja alikaa kwenye ngazi kuvuta sigara, akauona msalaba ule ng'ambo ya ua. Akaniuliza kwa sauti nzuri, binti, nani amefariki? Nikamwambia Masikiowima wetu, baba kamzika mle ndani, chini ya mbao. Sigara ikamkaa mdomoni. Akaniuliza kama naweza kumwonyesha mbao gani. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimezihesabu kutoka mlangoni kwa ajili ya kumwombea mbwa. Akanipa donge la sukari. Toka Krismasi sikuwa nimeona donge la sukari. Lilikuwa bado mdomoni baba alipopitishwa getini.

Na bado sikuelewa! Nilidhani wamemchukua kwa kuzika mbwa mahali pasiporuhusiwa. Nikaenda kuung'oa msalaba, nikautupa kisimani. Wala baba hakujua, wala mama. Niliifahamu maana yake nikiwa na miaka kumi na sita, wakati wa kuvuna nyasi. Wanaume wamepumzika wanasimulia vita, mmoja akasema yeye na Masikiowima wake walilala kitanda kimoja miaka mitatu, akaweka vidole viwili kichwani, kulia na kushoto. Wakacheka wote. Mimi niliendelea kukusanya nyasi. Nilikusanya mpaka jioni, hakuna aliyeniona, maana mtu anayefanya kazi hatazamwi usoni.

Hapo ningesema. Mama alikuwa hai, Oskari alikuwa hai, maziwa yake yanamwagwa. Sikusema. Nilisema moyoni labda Oskari naye alisema, nani ajuaye, lisemwalo lipo. Nikamshuku kwa bidii, Arvi, kila siku kama mtu anayepalilia, ili nisije nikamwona asiye na kosa. Alipougua sikwenda. Alipozikwa nilifunga pazia.

Na wewe ulipokuja na pete nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mwanamke mzima mwenye meno yote. Sikukosea neno siku ile. Nilijua, na nikakudanganya, kwa sababu kama Irja angeingia humu ndani kila siku, siku moja ningesema. Yule mtoto wa miaka tisa nilikwisha kumsamehe zamani. Huyu wa ishirini na mitano sijui nimfanye nini.

Siku tatu baadaye niliigeuza karatasi, nione Oskari ameandikwaje. Imesema silaha ilipatikana kwa maelezo ya mtoto wa kike wa nyumba hiyo. Chini kidogo, jirani Hyttinen aliitwa kutoka shambani kwake awe shahidi wa upekuzi. Aliitwa. Sheria ilitaka shahidi wa nje, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Nikavaa skafu ya kanisani nikalivuka shamba. Hatua mia mbili, na goti hili. Irja alikuwa barazani anatumbua samaki, akaniona tangu mbali, kisu hakikusimama. Sikukaribishwa mara moja, sembuse tatu. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kama shuleni.

Akasema anajua.

Oskari aliuona msalaba siku ile, na uzi mwekundu, na mimi na shavu langu limetuna kwa sukari. Akaelewa pale pale. Akarudi nyumbani, akawaketisha watu wake wote, akawaambia mtoto huyu akijua alichokifanya atakibeba miaka sabini, mimi mgongo wangu ni mpana, waacheni waseme. Akawaapisha. Akafa na maneno hayo hayo.

Nikamfokea Irja, ndiyo, mimi, kwenye baraza lake. Nikamwambia kiapo gani hicho, kwa nini hukumwambia Arvi peke yake, mngeoana! Akaufuta ubapa wa kisu kwenye aproni. Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Nilimngoja avuke shamba aniulize. Angeniuliza tu, kiapo ningekivunja. Hakuuliza. Alikuamini wewe." Kisha akaniambia nisimlilie juu ya samaki, chumvi amekwisha kutia.

Basi. Uongo ni wangu, wote, sikugawii hata punje. Lakini hatua mia mbili ni zako, mdogo wangu. Ulikuwa na magoti mazuri.

Nimempigia Rautkorpi. Alikuja jana, nikamwambia aandike ninavyotamka: kwamba bunduki hii ilikuwa ya Eelis Tuhkanen wa Sarkavaara, na siri yake ilitolewa na binti yake Alli, miaka tisa, aliyedhani ni mbwa, na kwamba Oskari Hyttinen alijua na akanyamaza. Akaniuliza kama nataka jina langu liwepo kweli. Nikamwambia aliandike lote, na Tuhkanen asiikosee herufi. Aliandika kwa penseli, huku pua inamtoka majimaji. Sasa nimemwelewa, ni mtu mwema, ila kahawa anaifuata vibaya.

Chumba cha juu nimekitandika. Ukitaka kuja kunifokea, njoo kabla ya Jumapili ile, maana baada ya hapo kutakuwa na foleni. Ukiamua kuandika, tukana kwa lugha yetu, si kwa Kiswidi, nataka nielewe kila tusi. Na kama hutaandika, nitajua pia umesema nini. Msalimie yule jirani wa ghorofa ya juu anayekuchukulia dawa, mwambie dada yako anamshukuru. Vaa sufu usiku.

Irja hakunipa salamu za kukuletea. Nilimwuliza kama anazo. Akasema anayezitaka aje aziulize mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Alli